Kiungo cha Arobaini na Mbili

Ofisini walimwita Milimita. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya kimo chake, ingawa kimo nacho hakikuwa cha kujivunia. Alilipata siku aliposimamisha mashine ya kuchapa jarida zima la kurasa ishirini na nne kwa sababu mstari uliokuwa chini ya kichwa cha habari ulikuwa umepanda milimita moja upande wa kulia.

"Nani ataona, bwana?" mchapaji alimwuliza, mikono kiunoni.

"Mimi nimeona," akajibu kwa sauti yake ya chini, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Jina likaganda.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alimaliza sekondari akaingia moja kwa moja kwenye kazi ya kupanga kurasa, enzi za mkasi na gundi. Habari ilikuja imepigwa chapa kwenye karatasi ndefu nyembamba, wewe ukaikata, ukaibandika kwenye kadi kubwa, ukaipima kwa rula ya chuma. Kompyuta zilipoingia, wenzake wawili waliaga wakisema macho yao hayakuumbwa kwa ajili ya taa. Yeye alinunua daftari la mistari, akaandika kila amri ya ile programu ya kupangia kurasa kwa kalamu ya bluu, na makosa yake kwa nyekundu. Kurasa za nyekundu hazikufika tatu.

Mwajiri wake alikuwa chama cha watumiaji maji. Kaya zaidi ya elfu tatu zilipata maji kutoka tangi moja, na chama kilikuwa na ofisi ya vyumba vinne, mwenyekiti wa kuchaguliwa, karani mmoja, na jarida la kila mwezi lililotengenezwa na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Milimita.

Kwa miaka minane mwenyekiti alikuwa fundi bomba mmoja mstaafu aliyeitwa Koki. Huyu alikuwa kaka wa mke wa Milimita, kwa hiyo nyumbani walikuwa mtu na shemeji yake, wakitaniana mpaka chai inapoa. Ofisini yalikuwa mambo mengine. Milimita alimwita Mwenyekiti, akasimama alipoingia, na hata katika kompyuta ya ofisi aliihifadhi anwani ya barua pepe ya Koki kwa jina la "Mwenyekiti." Hakutaka neno "shemeji" lionekane kwenye mali ya chama. Watu wasije wakasema.

Miaka minne iliyopita chama kiliacha kuchapa jarida kwenye karatasi, likawa linatumwa kwenye simu za wanachama. Hapo ndipo Milimita alipojifunza viungo. Mwanzo vilimtisha kidogo. Alizoea ukurasa unaokaa kimya mahali pake, na sasa ukurasa ulitakiwa umchukue msomaji kutoka hapa na kumpeleka kule: neno moja unaligusa, linakufikisha kwenye ratiba ya maji, namba unaigusa, simu inaanza kuita. Akayatafakari mambo hayo siku mbili, kisha akaandika daftarini: "Kiungo ni ahadi. Usiahidi mahali ambapo hujafika mwenyewe." Tangu siku hiyo, kila mwezi, kabla jarida halijatoka, aligusa kila kiungo mwenyewe na kukiwekea alama ya vema.

Koki naye alikuwa na ombi lake. "Mtu akibonyeza uso wangu, anipate mimi," alisema. "Sitaki apitie kwa karani. Bomba likipasuka halingoji muhuri."

Basi Milimita akachora fremu juu ya picha ya Koki, fremu isiyo na rangi wala mstari, safi kama kioo, akaiunganisha na anwani binafsi ya Koki. Kisha, akiwa ni yeye, akaifunga kwa ile amri ya kufuli ili isisogee hata milimita moja. Kwenye simu ya Koki akamwekea maneno yanayojiandika yenyewe chini ya kila jibu: "Ofisi ya Mwenyekiti, tunakushukuru kwa kutuandikia." Koki alifurahi sana. Hakuuliza maneno hayo yanatolewaje, na kwa kuwa hakuuliza, hakuambiwa.

Ni lazima hapa msomaji ajue jinsi majarida yanavyozaliwa. Hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Milimita, kama wote wa kazi yake, alifungua jarida la mwezi uliopita, akalihifadhi kwa jina jipya, akatoa habari za zamani na kuingiza mpya. Ni kama nyumba ya kupanga: mpangaji anatoka, mwingine anaingia, na misumari ya ukutani inabaki ile ile.

Ukaja uchaguzi. Koki akashindwa kwa kura sitini na mbili na bwana mmoja aliyekuwa akiuza fanicha, mtu wa suti na maneno matamu, ambaye angeweza kukuuzia kiti huku umekaa juu yake. Siku ya kwanza kazini alikusanya wafanyakazi akasema, "Sina kinyongo na mtu. Ila mabaki nitayasafisha."

Wafanyakazi wote wawili walimtazama Milimita, akiwemo Milimita mwenyewe, aliyejiona kwenye kioo cha kabati.

"Mkataba wako umebakiza muda gani?" Mwenyekiti mpya alimwuliza baadaye.

"Miezi sita, Mheshimiwa."

"Tutaangalia," akasema, na neno hilo, kama ajuavyo kila aliyewahi kuajiriwa, halina macho.

Jarida la kwanza la utawala mpya Milimita alilitengeneza kama anayebeba mayai. Akabadilisha picha. Koki akatoka, akaingia yule bwana na tai yake. Chini Mwenyekiti alitaka iandikwe: "Una tatizo? Bonyeza picha yangu uniandikie." Milimita akaiwekea picha kiungo kipya kinachokwenda kwenye anwani mpya ya ofisi. Kisha akapita kiungo kwa kiungo. Alipogusa uso wa Mwenyekiti, likafunguka dirisha la barua, na juu yake pakasomeka: "Kwa: Mwenyekiti." Akaweka vema. Viungo arobaini na moja, vyote vimejibu.

Kikafuata kimya. Wiki ya kwanza hakuna malalamiko, mwezi wa kwanza hakuna, wa tatu hakuna. Enzi za Koki karani alizoea kupokea watu wenye ndoo mkononi kama ushahidi; sasa alianza kufuma kofia. Mwenyekiti alifungua sanduku lake la barua kila asubuhi, akalikuta jeupe, akatabasamu.

"Unaona uongozi?" alimwambia Milimita. "Mtu akiongoza vizuri, hata mabomba yanatulia."

Mitaani nako walimsifu. Walisema huyu mpya unamwandikia asubuhi, mchana kajibu. Walisema anaeleza mpaka koki ipi ufunge na uizungushe mara ngapi. Na kwamba tatizo likiwa kubwa anamtuma nani? Anamtuma yule mzee aliyemshinda, na mkoba wake wa spana! "Roho ya namna gani hiyo?" walisema. "Kamwangusha, halafu kampa kazi!"

Milimita aliyasikia hayo yote kwenye foleni ya mkate, akadhani watu wanatia chumvi. Nyumbani nako mkewe, aliyekuwa mshonaji, alimweleza kwamba kaka yake amefufuka. Baada ya uchaguzi alikaa wiki nzima akitazama ukuta, sasa anaondoka alfajiri anapiga mluzi. "Vizuri," Milimita akasema, akaendelea kunywa chai. Mtu aliyezoea kupima milimita, mita inaweza kumpita mbele ya pua asiione.

Jarida la mwezi wa sita lilikuwa la mkutano mkuu. Jumatano, siku mbili kabla mkataba haujaisha, Mwenyekiti alimletea kichwa cha habari alichokiandika mwenyewe: "Miezi Sita Bila Lalamiko Hata Moja." Mkataba mpya, akasema, uko mezani kwake, watautia saini Ijumaa, kwa sababu jarida limemleta karibu na wananchi.

"Na picha yangu ikuze," akaongeza. "Ijaze nusu ukurasa."

Milimita akaikuza. Ili kingo zikae sawa, akawasha mistari inayoonyesha mipaka ya kila fremu. Picha ikasogea na kupanuka, uso wa Mwenyekiti ukahamia kulia, na pale ulipokuwa pakabaki kijisanduku cha mstari mwembamba kisicho na kitu ndani. Akajaribu kukisogeza. Hakikusogea. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

Akakifungua akasoma kinaelekea wapi. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Fremu ya juu ndiyo inayopokea kidole, hilo lilikuwamo daftarini tangu mwaka wa kwanza. Kiungo chake kipya kilikuwa chini, hakijawahi kuguswa na mtu. Na lile neno "Mwenyekiti" lililomridhisha siku ile ya majaribio halikutoka kwingine ila kwenye orodha ya majina ya kompyuta yake, alikolitia yeye, kwa heshima zake. Kwa miezi sita, kila aliyebonyeza uso wa mwenyekiti mpya alimwandikia shemeji yake.

Akaandika daftarini "42." Akaomba ruhusa, akatoka.

Alimkuta Koki uani kwake akikata bomba kwa msumeno.

"Karibu, mwizi wa dada yangu!" Koki akamlaki. "Leo kuna nini? Umekonda tangu Jumapili."

"Shemeji, hizo barua unazopokea zinaanzaje?"

Msumeno ukasimama. "Zinaanza na 'Ndugu Mwenyekiti.'"

"Na wewe unaona sawa?"

"Mwanzo nilidhani ni mazoea. Miaka minane si mchezo, ulimi hauachi kwa siku moja. Wiki ya pili mama mmoja akaniandikia: 'Hongera kwa kumwangusha yule mzee king'ang'anizi. Sasa naomba uniangalizie mita yangu, inazunguka hata nikifunga maji.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikamjibu ahsante. Kisha nikaenda. Kulikuwa na bomba limepasuka chini ya sakafu."

"Hukumwambia wewe ni nani?"

"Nimwambie kwamba king'ang'anizi ndiye huyu aliyelala kifudifudi jikoni kwake? Na chai alinipa nzuri."

Milimita akakaa juu ya kopo la rangi. "Miezi mitano na nusu unajua, hukuniambia!"

"Nikuambie nini, na ni wewe uliyefanya?" Koki akamtazama kwa mapenzi. "Nilisema, kumbe huyu kimya kimya ana moyo. Kaniona naoza ukutani, kaniachia mlango wa nyuma. Nikakuombea dua, Shemeji."

"Unadhani nilifanya makusudi?" Sauti ya Milimita ilipanda kwa mara ya kwanza katika ndoa yake ya miaka ishirini na saba. "Makusudi, mimi? Fremu imekaa juu ya fremu nyingine, haikuandikwa popote, na unadhani ni makusudi?"

Koki aliuweka msumeno chini. Akachukua kitambaa akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. "Basi utaiondoa," akasema hatimaye.

Jioni mkewe alilisikiliza jambo lote huku sindano iko mdomoni. Aliitoa kwanza ndipo akasema. "Ukifungua kinywa, umekwisha. Kaka yangu, mume wangu, na uso wa yule bwana! Nani ataamini ni bahati mbaya? Hata mimi nisingeamini, na ninakujua."

"Na nisiposema?"

"Unatia saini Ijumaa, tunaendelea kuishi."

"Mpaka jana lilikuwa kosa," Milimita akasema polepole. "Nilikuwa sijui. Leo nikiliacha, itakuwa ni kazi yangu."

Mkewe akairudisha sindano mdomoni. Alikuwa ameolewa na mtu huyu muda mrefu, alijua mahali ambapo hasogei.

Ijumaa mkataba ulikuwa mezani, na kalamu juu yake. Mwenyekiti alikuwa na furaha tele.

"Kabla ya saini, Mheshimiwa," Milimita akasema, "naomba ufungue jarida la mwezi uliopita kwenye simu yako, ubonyeze uso wako."

"Wa kazi gani?"

"Hujawahi kuubonyeza?"

"Nijiandikie mwenyewe, nina wazimu?" Lakini akabonyeza. Simu yake haikuwa na adabu za kompyuta ya Milimita, ikatoa anwani kavu kama ilivyo, na ndani ya anwani hiyo mlikuwa na neno "koki."

Milimita akaeleza yote, kuanzia kufuli hadi orodha ya majina. Hakupunguza kitu, hakujitetea. Mwenyekiti akasikiliza huku masikio yake yakibadilika rangi.

"Kwa hiyo barua zangu zote..."

"Mia mbili na kumi na nne. Shemeji amezitunza." Neno lilikuwa limeshatoka. Lilikuwa likisikika kwa mara ya kwanza ndani ya ofisi ile.

"Na mimi mwenyewe nilipata ngapi?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Nilipata moja!"

"Ile ilikuwa ya karani, alikuwa anajaribu sanduku."

Mwenyekiti akainuka. "Hii ni njama! Ni hujuma! Nitawapeleka..." Jicho lake likaangukia rasimu ya jarida jipya mezani, na kichwa cha habari alichokiandika mwenyewe, chenye herufi kubwa kuliko zote. Mkutano mkuu ulikuwa siku nane mbele. Akakaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wahenga, ila hawakusema mshindo unampata nani kwanza.

"Nani anajua?"

"Mimi, mke wangu, na Koki."

"Koki anajua? Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Na hakwenda kunitangaza?"

"Alikuwa na kazi nyingi, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akautazama mkataba, akauburuta kwake kwa kidole, taratibu. "Sikiliza. Hiyo linki iache. Ipanue, ifunike uso wote. Utie saini, tusahau."

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Mkataba ni huu."

"Nauona."

Feni ya darini ilizunguka mara nyingi. Milimita, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumshauri mwenyekiti yeyote zaidi ya upana wa pambizo, akakohoa. Alisema panaweza kuwekwa picha ya pili, ya bomba, na chini yake pakaandikwa wazi: matatizo ya maji, mwandikie fundi Koki. Uso wa Mwenyekiti ungekuwa na kiungo chake, kinachofika kwa Mwenyekiti. Kila mlango na mwenyewe.

"Halafu usoni kwangu zitakuja barua za namna gani?"

Milimita akafikiri kwa uaminifu. "Za salamu, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akaonja neno hilo. Likampendeza. Ila hakuwa mtu wa kuachia jambo liishe bila mkosaji, kwa hiyo siku hiyo hiyo, kwa kalamu ile ile, alitia saini karatasi mbili: mkataba wa miaka miwili, na barua ya onyo kali kwa uzembe wa kuacha fremu isiyohitajika. Milimita aliisoma barua ya onyo mara mbili akaona ni ya haki. Alichoomba ni kwamba nembo ya chama isogezwe kidogo, kwa sababu haikuwa katikati.

"Hongera na pole," mkewe akamwambia jioni. "Nianze na ipi?"

Kwenye mkutano mkuu Mwenyekiti alizungumza saa nzima. Akasimulia jinsi, baada ya tafakari ndefu, alivyoona vema kumkabidhi mpinzani wake dawati la matatizo ya maji, bila makuu, kwa faida ya wote. Watu wakasimama wakapiga makofi. Koki naye akasimama akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, akimtupia shemeji yake jicho moja. Milimita alikuwa nyuma ya ukumbi akihesabu viti. Mstari wa nne ulikuwa umepinda.

Wiki ya kwanza, picha ya bomba ilileta barua hamsini na nane. Uso wa Mwenyekiti ulileta moja, na safari hii ilikuwa ya kweli, kutoka kwa mwanachama asiyemjua. Mwenyekiti akamwita Milimita aione.

"Ndugu Mwenyekiti," barua ilisema, "yule mzee unayetutumia ni hodari sana, na ana maneno machache. Sisi wa mtaa wetu tunauliza, kwa nini uchaguzi ujao asigombee? Ukimshawishi wewe, atakubali."

Mwenyekiti aliifunga barua hiyo.

"Hii linki ya usoni kwangu," akasema, "inaweza kuhamishwa?"

"Inaweza, Mheshimiwa. Unataka ielekee wapi?"

Mwenyekiti akafungua kinywa, akakifunga. Milimita akangoja, kalamu mkononi, lakini anwani haikutajwa.